Mguu Uliosusa

Mama Otavina, jirani yetu wa upande wa kisima, anasema alimwona mama yangu. Anasema ilikuwa asubuhi, ukungu bado umelalia majani ya chai, naye ametoka kumwaga majivu. Akamwona marehemu anashuka njia ya bondeni na ndoo mkononi. Uso hakuuona, maana ukungu ulikuwa umemfunika kuanzia kiunoni kwenda juu, lakini miguu aliiona vizuri. Ilikanyaga kwa ubavu wa nje wa unyayo, na ilipofika pale njia inapoanza kuteremka ikasimama kidogo, kama ya mtu aliyeitwa. Ndipo ikashuka.

"Nani mwingine anasimama pale?" anawauliza watu. "Niambieni! Miaka yote nimechuma naye mstari mmoja, mimi nisiijue miguu ya mama Fausta?"

Anasema aliangusha karai, akarudi ndani, akajifungia na rozari yake mpaka jua likatoka. Watu wa kijiji chetu cha Ihalala wameipokea habari hiyo kila mmoja kwa namna yake. Wengine wamesema ulanzi, pombe yetu ya mianzi, msimu huu ni mkali. Wengine wameacha kuteka maji kabla ukungu haujapanda.

Mimi sikubishana naye. Aliyekuwa anashuka na ndoo ni mimi, Eremina, mtoto wa mwisho wa huyo marehemu. Lakini siwezi kusema Mama Otavina ni mwongo. Miguu aliyoiona, kwa kweli, ilikuwa ya mama.

*

Niliumia goti la kushoto kwenye mpira wa pete, tulipocheza na timu ya kiwandani. Kwenye mchezo wetu ukidaka mpira huruhusiwi kukimbia nao. Mguu uliotua nao ndio nguzo yako. Unaweza kuzunguka juu yake, ila ukiunyanyua na kuukanyaga tena, ni kosa. Basi nilidaka mpira hewani, nikatua kwa kushoto, nikamsikia mwenzangu Siwema ananiita upande wa kulia, nikageuka. Mwili uligeuka. Mguu ulibaki, maana ndivyo nilivyoufundisha tangu shule ya msingi: ukitua, baki. Kitu kikalia ndani ya goti kama kijiti kibichi kinavyokatika.

Hospitali walinipasua, wakachukua uzi wa nyama nyuma ya paja langu wakatengeneza ukano mpya. Goti likapona. Daktari alilivuta huku na huku akasema ni zima kabisa. Lakini paja lenyewe lilikataa. Nilifunga mifuko ya mchanga mguuni, nikanyanyua asubuhi na jioni, nikapanda na kushuka ngazi za kanisa mpaka katekista akadhani nina nadhiri. Wapi! La kulia likabaki la mtu mzima, la kushoto likawa la mtoto.

Ndipo nikapelekwa kwenye kliniki ya viungo Mafinga, kwa Bwana Nyaulingo. Ni kijana tu, mcheshi, anaongea zaidi na miguu ya watu kuliko anavyoongea na watu. Alinivisha kofia yenye nyaya nyembamba kama nywele, akaniambia, "Dada Eremina, simama kwa kushoto. Haya. Sasa fumba macho."

Nilifumba. Nilianguka palepale, akanidaka kwapani.

"Umeona? Siku hizi wewe unatembelea macho," akasema. "Hebu niambie, ukiingia kanisani unatazama altare?"

Nikafikiri. Ilikuwa kweli. Tangu niumie nilikuwa natazama sakafu, kila mahali, hata nyumbani kwetu ambako nazijua nyufa zote.

Akanionyesha kwenye kioo chake ubongo wangu. Sehemu inayoamuru paja la kulia ilikuwa inawaka kama jiko la mkaa lililopepewa. Ya kushoto ilikuwa na kijicheche tu, na upande wa nyuma, kwenye shughuli za macho, kulikuwa kunawaka ovyo.

"Ule ukano wako wa zamani haukuwa kamba tu," akasema. "Ulikuwa na vijishipa vya fahamu vinavyopeleka habari kichwani: goti liko hapa, limepinda hivi. Ulipokatika na habari zikakatika. Ubongo ukangoja, ukangoja, mwisho ukaona bora kazi iende kwa macho, na paja likae pembeni lisije likaleta balaa. Huu mpya ni kamba. Hauna habari yoyote."

"Kwa hiyo paja limekufa?"

"Halijafa. Limesusa."

Nilicheka, maana ndilo neno lenyewe. Nilishawahi kumwona baba amesusa chakula: amekaa, yupo, sahani iko mbele yake, na mkono haunyooki.

"Aliyesusa utambembeleza kwa kumtumia mgeni?" akaniuliza.

"Hapana. Utamtafutia mtu wake."

"Basi tumeelewana."

Akanieleza kwamba kofia ile inaweza kuuimbia ubongo mwendo wa mtu mwingine mpaka paja liamke na kufuata. Ila mwendo wa mgeni ubongo unautema. Unaoupokea ni wa ndugu wa damu, na zaidi ya ndugu yeyote, ni wa mtu uliyetembea nyuma yake ulipokuwa mdogo.

Mwendo wa mama ulikuwepo. Ulikuwa kwa kampuni ya chai.

*

Lazima niseme ulikuwepo kwa namna gani, maana vijana wanaokuja sasa wanadhani chai imechumwa na mashine siku zote.

Mimi nimekulia kwenye mistari ile wakati ina watu. Wanawake walikuwa wanachuma wakiimba, mstari wa juu unaanza, wa chini unaitikia, na ukungu ukishuka mnasikilizana tu, hamwonani. Mimi nilikuwa natembea nyuma ya mama. Kazi yangu ilikuwa kuokota majani yanayodondoka kwenye kikapu chake, na kwa kuwa nilikuwa mfupi, mama nilimjua zaidi kuanzia magotini kwenda chini.

Halafu kampuni ikaja na wataalamu. Milima yetu imesimama, magurudumu hayapandi, wakataka mashine zenye miguu. Wakawavisha akina mama kofia kama hii yangu na mikanda kwenye mapaja, wakawaambia wachume kama kawaida. Wanawake walicheka sana wiki zile. Mama alikuwa anarudi nyumbani anatania, "Leo nimetembea mpaka nimepigwa picha ya ubongo." Wakachanganya miguu ya wanawake wote wakatengeneza mwendo mmoja, wakazipa mashine. Sisi tuliziita chuma-chai. Watu wakasema, basi, sasa chuma kinachuma, na sisi tuliokuwa tunachuma tukakae. Tukakaa. Nyimbo zikaisha. Chuma-chai hazina kelele, unasikia majani tu yanakatwa, kra, kra, mlima mzima.

Mama alifariki miaka michache baadaye, kwa kifua, msimu wa baridi. Lakini mwendo wake peke yake, kabla ya kuchanganywa, kampuni ilikuwa nao bado. Kisheria ni mali ya familia. Baba alipoambiwa, aliweka kidole gumba kabla hajamaliza kusomewa, na dada yangu akatia saini.

Bwana Nyaulingo akanibandika kifungo kidogo nyuma ya sikio, ili mwendo uendelee kuimba hata nikiwa nyumbani.

Mwanzoni hapakuwa na kitu. Halafu siku moja, nanyanyua mguu pale kliniki kama kawaida, paja likakaza. Sikulikaza mimi. Lilikuwa kama mtu ameingia nyumbani kwenu bila kupiga hodi, akaenda moja kwa moja mahali vikombe vinapowekwa. Nilisimama kwa kushoto, nikafumba macho, nikasimama tu. Nikalia. Bwana Nyaulingo akaliambia paja, "Karibu tena, mama."

Alisema hivyo kwa utani. Sidhani kama alijua anasema nini.

*

Baba yangu, mzee Galus, anasuka vikapu vya mianzi. Ni vile vikubwa vya kuchumia, ambavyo hakuna anayevinunua tena. Wanunuzi wa siku hizi wanataka vidogo vya kuwekea matunda mezani. Yeye anasuka vikubwa. Ukimuuliza anasema mkono wake haujui kipimo kingine.

Siku niliyorudi na mguu mzima nilimkuta kwenye benchi lake nje. Kwetu binti hamsalimii baba amesimama wima. Unapiga goti, au ukiwa na mzigo unanesa magoti kidogo, ndipo unasema "Kamwene." Tangu niumie nilikuwa nasalimia nimesimama kama mwanajeshi, na baba alikuwa ananitazama pembeni ili nisione aibu.

Nilileta maji ya kunawa. Nikafika mbele yake, nikanesa. Goti la kushoto lilitangulia, likatulia, la kulia likafuata taratibu, na bakuli halikutikisika. Mimi sijawahi kunesa hivyo. Mimi nilikuwa napiga goti moja haraka na maji yanamwagika.

"Kamwene, baba."

Baba alinawa. Hakunitazama usoni, alikuwa anatazama maji.

"Asante, mama Fausta," akasema.

Fausta ni dada yangu mkubwa, na mama Fausta ni mmoja tu. Baba alikausha mikono kwenye suruali, mkono huu, mkono ule, tena mkono huu. Halafu akachukua mwanzi wake akaendelea kusuka, na mimi nikaingia ndani nikiwa nimeshika bakuli kwa mikono miwili.

Tangu hapo nikaanza kuona mambo. Baba alihamisha benchi, akaliweka ukutani mahali ambapo hamwoni mtu anayepita nyuma ya nyumba, anamsikia tu. Akawa ananituma. "Eremina, niletee kisu kule nyuma." Nikileta, "Ah, si hiki, kile kingine." Nikipita anaacha kusuka. Nikifika, nakuta macho yake yamefumbwa na uso wake umelegea kama wa mtu anayeota jua. Alinenepa. Alianza kunyoa ndevu. Jioni moja nilimsikia anaimba wimbo wa mstari wa chini, ule wa kuitikia.

Ningemkatalia vipi? Nilizunguka nyuma ya nyumba hata pasipo na cha kuleta.

*

Bwana Nyaulingo alinipima paja akafurahi. Halafu akavuta kiti, akakaa, jambo ambalo halifanyi.

"Dada, tumefika njia panda. Kifungo hakiwezi kukaa siku zote. Ama nifunge, ama nitoe."

"Ukifunga?"

"Mwendo huu unakuwa wako moja kwa moja. Paja litakuwa na nguvu mpaka uzeeni. Utacheza mpira wako. Lakini mwendo wako wa zamani ndiyo basi tena. Ubongo hauweki miwili."

"Na ukitoa?"

"Nikitoa hivihivi, paja litasusa upya. Nakwambia ukweli." Alikuna kichwa. "Ipo njia ya katikati. Ningetoa mwendo wa mama huku naingiza wako, polepole, paja lisigundue. Shida, wako sina. Siku ya kwanza nakupima hapa ulikuwa tayari unachechemea. Ninaye Eremina aliyeumia. Eremina mzima sina."

"Tumecheza mechi, watu walipiga video."

"Nimeziona. Kwenye mpira wa pete mtu hatembei, anaruka na kusimama. Na video ni picha ya nje." Akagonga paji la uso wake. "Nataka mtu anayeujua mwendo wako mwilini mwake. Aliyekaa na wewe, akikuigiza anakupatia. Nitamvisha yeye kofia, atembee kama wewe, hata hatua chache tu. Mtafute. Uje naye Jumatatu. Zaidi ya hapo mwendo utaganda wenyewe."

Nikamwambia hilo ni jepesi. Ihalala nzima inanijua.

Nilianza na Siwema. Akaniigiza ninavyodaka mpira, na ninavyomkoromea mwamuzi, wenzetu wakaanguka kwa kicheko. "Sasa tembea," nikamwambia. Akapiga hatua mbili akasimama. "We Eremina, ulikuwa unatembeaje vile? Ulikuwa unatembea tu."

Mama Otavina nilimweleza kila kitu, na kwamba aliyemwona asubuhi ile ni mimi. Alikasirika kwanza, kwamba nimemharibia habari yake. Halafu akamwigiza mama bila kuombwa, uwanja mzima, na ndoo ya kufikirika kichwani, mpaka nywele zikanisimama. Nikamwambia, haya, na mimi. Akasema, "Wewe ulikuwa nyuma yake. Nani alikuwa anakutazama?"

*

Dada Fausta alikuja Jumamosi kutoka Makambako, anakouza nguo. Yeye hakumwahi mama. Alipofika tulikuwa tumeshazika.

Alinikuta natoka kisimani. Akasimama getini na mfuko wake, akaniangalia ninakuja, na nilipofika karibu akanipiga kofi la bega, kwa nguvu.

"We mtoto! Umefanya nini?"

"Nimepona, dada."

"Umepona! Baba kanenepa kama padre, kila akipiga simu anaimba, mimi nikasema labda kapata mchumba. Kumbe!" Akaketi juu ya mfuko wake. "Unamzungusha marehemu nyuma ya nyumba kama jogoo. Atazikwa lini, Eremina?"

"Ulitia saini."

"Nilitia saini ya dawa. Sikutia saini ya hii."

Nikamwambia habari ya Jumatatu. Alinisikiliza hadi mwisho. Halafu akavua viatu. "Mimi nimekulea," akasema. "Nimekubeba mgongoni mpaka nikapinda. Nisikujue? Tazama."

Akatembea kutoka getini hadi jikoni, anarusha miguu, mabega juu.

"Huyo ni mwalimu Kihwelo," nikasema.

Akacheka. Akajaribu tena, hatua fupi, za haraka.

"Huyo ni wewe."

Akajaribu tena. Safari hii alikwenda taratibu, anafikiri, uso umekunjamana, na alipofika pale uwanja unapoteremka akasimama kidogo, kama mtu aliyeitwa. Aliligundua mwenyewe. Akajishika mdomo.

"Ulikuwa unatuigiza sisi wote," akasema baadaye, tumekaa jikoni tunamenya viazi. "Unakumbuka? Wageni wakija mama anakwambia, Eremina, tembea kama katekista. Tunacheka mpaka tunalia. Wewe hatukukuigiza hata siku moja."

"Sasa nifanye nini?"

Alimenya kiazi hadi kikabaki kama yai. "Mimi ningesema kitolewe. Hata ukichechemea, uchechemee wewe." Kisu kikasimama. "Lakini kabla hujakwenda," akasema bila kuninyanyulia macho, "nitageukia ukuta. Wewe toka mlangoni uje mpaka hapa nilipo. Mara moja tu. Mimi sikumsikia akiondoka."

Akageukia ukuta. Nikatoka nje, nikaingia. Nilikuja taratibu. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na nilipomfikia nikamwekea mkono, sikujua ni mkono wa nani.

*

Jumapili baada ya misa baba alikuwa kwenye benchi lake, anamalizia mdomo wa kikapu. Jua lilikuwa limetoka, na mlima wa mbele chuma-chai zilikuwa zinapanda kwa mstari. Nilipiga goti mbele yake.

"Kesho naenda Mafinga, baba."

"Fausta kaniambia." Alivuta mwanzi kwa meno. "Mwambie kijana afunge."

"Baba."

"Afunge. Mguu mzima unautupa kwa sababu gani? Daktari kasema una nguvu. Utaolewa, utalima, utacheza hiyo mipira yenu." Alisema haraka haraka, kama mtu aliyekaa na maneno muda mrefu. Halafu sauti ikashuka. "Mimi sikuombi kitu kingine, mwanangu. Sikuombi pesa, sikuombi nini. Unapita tu. Mtu kupita nyumbani kwao ni kazi?"

"Si kazi."

"Basi."

Nilimtazama mikono. Nimeitazama maisha yangu yote, najua kidole kipi kinatangulia akianza mstari mpya. Ningeweza kusuka kikapu kile nimefumba macho, kwa mikono yake. Na sikumchukia, wala sikumwona mbaya. Mimi mwenyewe asubuhi nikishuka bondeni, nikisimama pale juu, huwa nachelewa kushuka makusudi. Pale nasikia kama niko nyuma yake tena, nina kikapu kidogo, na yeye anangoja nifike.

Ila kwa siku kadhaa nilikuwa nimejaribu kujikumbuka. Nilijaribu njia ya shule, nilijaribu njia ya kwenda mianzini. Njia naziona, miti naiona, watu walionitangulia nawaona wote na visigino vyao. Mimi mwenyewe sijioni.

"Nitamwambia afunge," nikasema, "ila kwanza nifanyie jambo moja."

Baba akainua uso.

"Nionyeshe nilivyokuwa natembea mimi. Si mama. Mimi, Eremina. Nilipokuwa nakuletea chakula kule mianzini, ulikuwa unaniona natokea mbali. Nilikuwa nakujaje? Simama, baba, uniigizie. Kutoka hapo mpaka mlangoni. Ukiweza hata hatua chache, kesho twende wote, ukavishwe kofia wewe; ukishindwa, afunge."

Aliweka kikapu chini. Akashika ukuta, akasimama. Alitazama miguu yake, akatazama yangu, akatazama mlango. Midomo ilikuwa inacheza kama anahesabu. Fausta alikuwa ametoka jikoni, amesimama na mwiko mkononi.

Baba akanyanyua mguu wa kushoto, akaushikilia hewani, hajui auweke wapi.